Sitaha ya faiba ikianza kubonyea: mwongozo kamili wa kutoa kiini kilichooza na kuweka kipya

Fundi aliyejifunzia kazi kwenye majahazi ya Mikindani au Kilwa Kivinje anajua kwamba mbao na maji ni marafiki. Chombo kikikaa mchangani muda mrefu, mbao husinyaa na mianya hufunguka; kikirudishwa majini mbao hunywa, huvimba, kalafati inayoziba mianya ikabana na uvujaji ukakoma. Kwenye boti ya tanga ya faiba maarifa hayo yanakupoteza. Mbao iliyofungiwa ndani ya sitaha ya faiba haina pa kuvimbia wala pa kupumulia. Ikishakunywa maji haiyatoi tena. Inalainika, inaachana na faiba, inaoza, na siku moja unakanyaga karibu na mlingoti unahisi sitaha inazama chini ya kisigino kama godoro.

Sababu iko kwenye ujenzi wake. Sitaha ya boti nyingi za zamani za aina hii si faiba tupu. Ni maganda mawili membamba, la juu kwa kawaida milimita 3 hadi 5 na la chini milimita 2 hadi 3, na katikati yake kuna kiini cha milimita 10 hadi 20. Kiini hicho mara nyingi ni balsa, mbao nyepesi iliyokatwa vipande na kusimamishwa nyuzi zikiwa wima. Boti nyingine zina plaiwudi au povu gumu. Kazi ya kiini ni kuyaweka maganda mbalimbali. Ganda la milimita 4 peke yake linapinda ukilikanyaga, lakini maganda mawili yaliyoshikwa imara pande zote mbili za kiini cha milimita 12 hayatikisiki. Gundi ikiachia upande mmoja tu, ugumu wote umekwenda, hata kama mbao bado ni nzima. Ndiyo maana sitaha inaweza kubonyea kabla ya kuoza, na ndiyo maana matibabu hayafanani.

Pima kabla hujakata

Maji hayaingii katikati ya sitaha. Yanaingia kwenye matundu: chini ya nguzo za uzio, kwenye vyuma vinavyoshika waya za mlingoti, kwenye winchi, vyuma vya kufungia kamba, fremu za madirisha ya sitahani, na kila skrubu ndogo ambayo mtu aliipiga moja kwa moja kwenye sitaha bila kuziba tundu. Anzia hapo.

Vua viatu. Tembea polepole sitaha nzima asubuhi, kabla jua halijaipasha, na weka alama ya chaki kila unapohisi inacheza. Kisha chukua mpini wa plastiki wa bisibisi na gonga kila sentimita 5. Sehemu nzima inajibu kwa mlio mkali na mfupi. Iliyoachana inatoa mlio butu, kama kugonga boksi tupu. Ukifika juu ya ukuta wa ndani au ubao wa kuimarisha mlio utabadilika pia, hivyo mwenzako awe chini ndani ya kabini akuambie kuna nini hapo kabla hujakosea ukafungua sehemu isiyo na ubovu.

Halafu toboa. Drili ya milimita 5, na kipande cha utepe kwenye keekee kuonyesha kina, ili usipenye ganda la chini. Angalia kinachotoka:

- Unga mkavu wa rangi ya krimu: kiini ni kizima. Ziba tundu kwa epoksi (gundi ya rezini ya kuchanganya) usonge mbele.
- Unga mweupe lakini unaoshikana vidoleni: maji yamefika, uozo bado.
- Tope la kahawia, au maji ya rangi ya chai yanayochuruzika: kimeoza.

Endelea kutoboa kuelekea nje kila sentimita 10 mpaka upate unga mkavu pande zote, kisha chora mpaka. Uwe tayari kuona eneo bovu ni kubwa kuliko lile linalobonyea, mara nyingi mara mbili. Kipimo cha unyevu cha kubandika juu kinasaidia, lakini chumvi iliyokaukia kwenye sitaha na vyuma vilivyo chini yake hukidanganya. Keekee haidanganyi.

Sindano inafaa wapi

Watu wengi hutaka kusikia kwamba sitaha mbovu inatibika kwa kutoboa matundu na kusukuma epoksi ndani. Inatibika, kwa hali moja tu: maganda yameachana na kiini lakini kiini ni kikavu. Hapo toboa matundu ya milimita 5 kila sentimita 4, kupita ganda la juu na kiini bila kugusa ganda la chini, sukuma epoksi nyepesi kwa bomba la sindano mpaka itokeze tundu la jirani, kisha weka uzito juu hadi igande. Ukifanya hivyo juu ya balsa iliyolowa umefungia maji ndani. Epoksi haishiki mbao yenye maji, na kukausha kiini kupitia vitundu katika hewa ya pwani yetu ni kazi isiyoisha: kile kinachotoka mchana kinarudi usiku. Msimu mmoja tu sitaha itakuwa inabonyea tena, na sasa utakuwa na uvimbe wa epoksi ndani unaosumbua kuchimba.

Kiini kilicholowa au kuoza kinatolewa. Mafundi wengine hukitoa kutokea ndani ya kabini ili wasiharibu sura ya juu. Ni kazi ya kulala chali huku rezini inakudondokea usoni, na kila kitu unachobandika kinataka kuanguka. Ifanye hivyo pale tu ambapo juu kuna mbao za msaji zenye thamani. Kwingineko kote fungua kutokea juu, mvuto wa dunia ukusaidie.

Vifaa, kwa mfano wa mita 2 za mraba

Tuchukue eneo la mita 2 kwa 1, ganda la juu milimita 4, kiini milimita 12. Ukitengeneza ganda jipya utahitaji:

- Epoksi na hadina yake (dawa ya kuigandisha), jumla kilo 14. Mgawanyo wake ni hivi: kulowesha ganda la chini karibu kilo 0.8, kulazia kiini kilo 3, kupaka kiini kilo 1, faiba ya juu kilo 6, kusawazisha kilo 1, inayobaki kwenye vikombe, brashi na rola haipungui kilo 1.5. Ukirudishia ganda la zamani, kilo 12 zinatosha.
- Kitambaa cha faiba cha kushonwa, chenye nyuzi za mshazari, gramu 600 kwa mita ya mraba: mita za mraba 10 kwa tabaka tano, na ongeza 2 za upotevu. Kila tabaka likiloweshwa vizuri kwa mkono hutoa kama milimita 0.75.
- Kiini kipya mita za mraba 2.2.
- Unga wa silika wa kuzitishia, na unga laini wa mbao. Kwa kusawazisha tu, unga mwepesi wa vipovu vya kioo.
- Asetoni lita 2, rola ndogo, brashi za bei nafuu ishirini, vikombe, glavu jozi 40, barakoa ya vichujio (si ya kitambaa), miwani ya kazi.
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu.
- Diski za almasi za kukatia vigae. Faiba inamaliza meno ya msumeno wa mbao ndani ya dakika.

Epoksi, siyo rezini ya poliesta. Poliesta ndiyo inayopatikana kwa urahisi, ndiyo boti yenyewe ilijengwa nayo, na inavutia kwa bei. Lakini poliesta mpya juu ya faiba iliyoganda miaka 40 iliyopita, na juu ya mbao, inashika kwa udhaifu. Epoksi ni gundi kwanza, rezini baadaye. Usizichanganye kwenye kazi moja: poliesta haishiki vyema juu ya epoksi. Na mati ya faiba ya nyuzi fupi wanayouza pamoja na poliesta ina gundi inayoyeyuka kwa kemikali za poliesta. Ukiilowesha kwa epoksi inabaki ngumu, haikubali kulala. Ndiyo maana orodha inasema kitambaa cha kushonwa.

Kuna mtego mwingine hapa. Dawa ya kugandisha poliesta nayo huitwa hadina. Ile huwekwa kidogo, gramu 10 hadi 20 kwa kilo, na fundi huipunguza au kuiongeza kulingana na joto. Hadina ya epoksi haichezewi hivyo. Ni sehemu ya gundi yenyewe: kila chembe ya rezini inahitaji mwenzake. Kopo likisema mbili kwa moja, ni mbili kwa moja asubuhi na mchana. Ukiongeza hadina ili igande haraka utapata kitu kama mpira kisichokauka milele, na dawa yake ni kukikwangua chote. Angalia pia kama kopo linataja uwiano wa ujazo au wa uzito. Si namba zile zile.

Kiini kipya. Usitarajie kupata balsa Mtwara wala Lindi. Ukiagiza, agiza ile ya vipande vilivyobandikwa kwenye wavu, inayofuata mkunjo wa sitaha. Plaiwudi ya baharini yenye alama ya BS 1088 (kiwango cha Uingereza) ni mbadala mzuri na imara zaidi chini ya vyuma, ila ni nzito: milimita 12 ya balsa ina kama kilo 2 kwa mita ya mraba, plaiwudi kilo 6 au zaidi. Kwa mita 2 tofauti hiyo haina madhara. Kwa sitaha nzima ya mbele, hesabu kwanza.

Tahadhari na kile ambacho maduka ya vifaa vya ujenzi mara nyingi huita marine bodi. Hiyo ni plaiwudi ya kumwagia zege, yenye ngozi ya kahawia au nyeusi pande zote. Ngozi hiyo haikamati gundi, na ndani kuna mapengo ambamo maji yatatembea. Kama huna hakika na plaiwudi yoyote, kata kipande cha ukubwa wa kiganja, kichemshe kwa muda wa saa nne, kikaushe juani, kisha jaribu kukichambua kwa kisu. Tabaka zikiachana, haina nafasi kwenye chombo.

Wakati na mahali

Mvua za Kusini mwa Tanzania huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Kazi hii ni ya kiangazi. Juni hadi Agosti kusi inavuma kwa nguvu na kuchezea turubai. Septemba na Oktoba, upepo ukishalegea, ndiyo miezi bora. Nunua vifaa vyote kabla hujafungua sitaha, kwa sababu karibu vyote vitatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 ukiwa Mtwara, na barabara hiyo inaweza kukatika kwa siku kadhaa, kama ilivyokatika mvua za Mei 2024. Sitaha iliyo wazi haisubiri lori.

Boti ikiwa imesimamishwa nchi kavu juu ya magogo na mihimili ni bora kuliko ikiwa imetia nanga, kwa ajili ya umeme, uthabiti na vumbi. Vumbi la faiba lisiende majini: tandika turubai kuzunguka, ufagie, ufunge kwenye magunia. Ghuba hizi ni za watu wanaovua na kuokota pweza mwambani maji yakitoka, na upande wa kusini wa Mtwara kuna hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma.

Legeza waya zote za mlingoti. Mlingoti ukiwa umesimama juu ya sitaha yenyewe na ubovu umefika hapo, ushushe. Usijaribu kuutegemeza.

Kukata na kufungua

Ng'oa vyuma vyote vilivyo ndani ya eneo, na kila kimoja kipige picha kikiwa mahali pake. Sasa nenda ndani ya kabini uweke nguzo za kutegemeza ganda la chini: mbao ya bapa juu, mhimili chini, kabari ya kukaza. Nafasi kati ya nguzo isizidi sentimita 40. Hatua hii hurukwa kuliko zote, na madhara yake hayarekebishiki. Ganda la chini likibaki peke yake linaning'inia. Ukibandika kiini juu yake likiwa hivyo, umeligandisha na bonde ambalo maji ya mvua yatakaa daima. Kwa sababu hiyo hiyo usifungue zaidi ya mita 2 za mraba kwa wakati mmoja. Funga moja, fungua nyingine.

Chora mstari wa kukata kwenye mikanda laini isiyo na kizuia utelezi, ili kiungo kifichike baadaye. Uwe umbali wa sentimita 6 hadi 7 kutoka ukingo wa boti na kutoka ukuta wa kabini: utahitaji nafasi hiyo kuchongea mshazari, yaani mteremko wa kuungia ganda la juu. Pembe ziwe za mviringo. Pembe kali huanzisha nyufa.

Weka kina cha msumeno wa diski sawasawa na ganda la juu, milimita 4 au 5, na kata. Kwa grainda shika kwa mikono miwili na upite mara mbili kwa kina kidogo badala ya mara moja kwa nguvu. Kisha ingiza patasi pana kwenye mkato, anzia pale palipooza zaidi, na uendelee kwa kabari za mbao. Palipooza ganda litainuka kama kifuniko cha sufuria. Pale kiini kilipo bado kizima litagoma; pitisha patasi kwa ulalo kati ya ganda na mbao, usilinyanyue kwa nguvu likapasuka. Andika nyuma yake upande upi ni wa omo (mbele) na upi ni wa tezi (nyuma).

Chimba kiini chote kilicholowa. Kilichooza kinakwanguka kwa mwiko, kizuri kinahitaji patasi na nyundo, na mabaki yaliyoshika ganda la chini yanaondoka kwa msasa wa 40. Chini ya kingo, pale ganda la juu halikukatwa, mbao mbovu huendelea kwenda ndani. Chukua ufunguo wa pembe sita uliopinda, ufunge kwenye drili, uuingize chini ya ukingo na uzungushe polepole: unasaga balsa bila kugusa faiba. Endelea mpaka unga utoke mkavu. Ikiwa unyevu unazidi sentimita 5 ndani, mstari wako ulikuwa mfupi, kata tena.

Kukausha

Safisha kwa maji baridi ya bomba, mengi. Inashangaza kumwagia maji kitu unachotaka kikauke, lakini chumvi iliyobaki inavuta unyevu wa hewa kila usiku. Kisha kausha siku tatu hadi saba, turubai likiwa juu limeinuliwa ili upepo upite, likishushwa jioni kabla ya umande.

Kipimo cha mwisho: bandika kipande cha nailoni angavu cha sentimita 30 kwa 30 juu ya ganda la chini, ukizungushie utepe pande zote nne, na ukiache siku nzima juani. Ukikuta jasho chini yake, subiri zaidi. Vitundu vya ganda la chini uzibe kwa utepe kutokea ndani, la sivyo epoksi itamwagikia magodoro.

Kulaza kiini

Kata plaiwudi vipande vya sentimita 15 hadi 20 kila upande. Vipande vidogo vinafuata mkunjo wa sitaha, na mapengo ya milimita 3 kati yake yakijaa epoksi yanakuwa kuta: siku maji yakipenya tundu moja, yanaishia kwenye kipande kimoja badala ya kusafiri mita mbili. Toboa kila kipande vitundu vya milimita 3 vya kutolea hewa. Vipange vikavu kwanza, vipe namba, hakikisha vimekaa chini kidogo ya ganda la zamani. Pale vyuma vitakapofungwa weka plaiwudi hata kama kwingine unatumia balsa. Balsa inapondeka bolti ikikazwa.

Sasa saa ya kazi, nayo hapa kwetu ni muhimu kuliko chapa ya epoksi. Mbao ina hewa ndani. Ukiipaka asubuhi, jua likipanda hewa inatanuka na kutoa vipovu kwenye epoksi laini. Kila kipovu ni njia ya maji. Ukiipaka joto linaposhuka, mbao inavuta epoksi ndani. Anza saa tisa alasiri chini ya kivuli, maliza kabla ya saa kumi na mbili, funika kabla umande haujashuka. Nunua hadina ya polepole, ile ya nchi za joto. Changanya gramu 300 kwa mara, koroga dakika mbili ukikwangua kingo na kitako cha kikombe, kisha mwaga mara moja kwenye sinia bapa. Epoksi ikikaa imerundikana kwenye kikombe katika digrii 30 inajipasha yenyewe, inatoa moshi na kuganda mkononi. Ikitandazwa inakupa muda maradufu.

Utaratibu wenyewe:

1. Futa ganda la chini kwa asetoni, liache likauke, lipake epoksi tupu.
2. Paka vipande vya kiini pande zote, na kingo mara mbili, kwa sababu kingo zinakunywa zaidi.
3. Zitisha epoksi kwa silika na unga wa mbao mpaka iwe kama siagi ya karanga: ikichotwa kwa kijiko inakaa, haidondoki. Ikiwa kama uji itatiririka kuelekea upande wa chini na kuacha mapango.
4. Itandaze kwa mwiko wa meno wa kubandikia vigae, meno ya milimita 4. Jaza kwanza chini ya kingo ulikochimba, ukiisukuma kwa kijiti.
5. Laza vipande kimoja kimoja, ukivisugua kwa kuvisogeza kidogo, mpaka epoksi ichomoze kwenye kila kitundu na kila pengo. Kitundu kisichochomoza kinakuambia chini yake pana hewa, inua uongeze.
6. Tandika nailoni, kisha mifuko ya mchanga mkavu ya kilo 5 hadi 8, ikipangwa bila nafasi. Gunia moja kubwa la korosho lililojazwa mchanga halifai, linabana katikati tu. Kabla ya kuondoka, kagua nguzo za ndani.

Asubuhi toa mifuko, gonga kila kipande. Kinachotoa mlio butu kitobolewe na kudungwa sindano sasa hivi, kikiwa bado wazi.

Ganda la juu

Kabla ya msasa wowote, osha uso kwa maji na brashi ngumu. Epoksi iliyogandia kwenye hewa yenye unyevu hutoa utando kama nta, na msasa unausambaza badala ya kuuondoa. Tabaka linalofuata likikaa juu ya utando huo litabanduka kama ganda la muhogo uliochemshwa. Osha, kausha, ndipo upige msasa wa 80.

Una njia mbili. Ganda la zamani likiwa zima, kwangua mgongo wake mpaka faiba safi ionekane, litoboe vitundu vya milimita 3 kila sentimita 15, lilaze juu ya epoksi iliyozitishwa kama ulivyolaza kiini, weka mifuko. Sura ya sitaha inarudi karibu ilivyokuwa. Likiwa limepasuka au limejaa matundu ya zamani, jenga jipya.

Kwa vyovyote, kiungo kinataka mshazari wa moja kwa kumi na mbili: ganda la milimita 4, mshazari wa sentimita 5. Uchonge kwa grainda yenye diski ya msasa wa 40, kutoka sifuri mpaka unene wote. Fundi anayejaza mkato kwa puti na kupaka rangi juu ameacha ganda likiwa limekatika. Ufa utaonekana pale pale kabla ya mwaka kwisha, kwa sababu puti haibebi mvutano, nyuzi ndizo zinazobeba.

Lowesha uso kwa epoksi, laza kipande kikubwa kwanza kinachofika mwisho wa mshazari, vinavyofuata vikipungua kidogo kidogo. Ukija kusawazisha, msasa utakula vile vidogo vya juu na kile kikubwa kitabaki kizima. Kila tabaka lilowe mpaka weupe wote uondoke, kisha toa ziada kwa rola. Uzito wa epoksi uwe sawa na wa kitambaa, si zaidi. Tabaka zote tano ziende jioni moja zikiwa mbichi. Usiku ukikuwahi, osha na msasa kesho yake kabla ya kuendelea.

Vaa glavu hata kama mikono ni migumu kwa kazi. Epoksi mbichi humgeuka mtu taratibu: miezi haimfanyi kitu, kisha ngozi inaanza kuwasha, na baada ya hapo hataweza kuikaribia tena. Usinawe kwa asetoni, inaipenyeza ndani zaidi. Tumia siki kwanza, halafu sabuni.

Matundu, chanzo cha yote

Kazi yote hapo juu itarudiwa baada ya miaka michache ikiwa vyuma vitarudishwa kwa silikoni na matumaini. Kila tundu, hata la skrubu, lifanyiwe hivi. Kwa bolti ya milimita 8 toboa tundu la milimita 16. Ziba chini kwa utepe, paka kuta za tundu epoksi tupu, kisha jaza epoksi iliyozitishwa. Ikiganda, toboa katikati milimita 8. Sasa bolti inapita kwenye nguzo ya epoksi. Maji yakivuja yatadondokea ndani ya kabini utayaona, lakini kiini hayakigusi. Lainisha mdomo wa tundu kwa keekee pana ili liwe na kijibonde cha kushika kizibo.

Kizibo kiwe utepe wa butili (mpira laini unaonata) au poliurethini ya baharini. Silikoni inaachia, na inaacha mafuta yasiyotoka ambayo hayataki kitu kingine kishike hapo. Chini ya sitaha weka bamba la chuma kisichoshika kutu au faiba nene, pana kuliko chuma cha juu. Unapokaza, bolti ishikwe isizunguke, izungushwe nati. Bolti ikizunguka inaukata utepe shingoni. Butili inakazwa kwa awamu: leo mpaka ianze kuchomoza, kesho jua likiwa kali tena, na kesho kutwa.

Rangi

Sawazisha kwa epoksi yenye vipovu vya kioo, msasa wa 120, praima ya epoksi, kisha rangi ya poliurethini ya vikopo viwili. Epoksi isiyofunikwa inaliwa na jua. Chagua nyeupe au krimu: sitaha ya rangi nzito kwenye jua la Mtwara inapata joto linalotosha kulainisha epoksi iliyo chini yake. Kwa kuzuia utelezi, nyunyizia mchanga mweupe safi juu ya rangi mbichi mpaka isionekane, ikikauka fagia usioshika, paka tena. Mchanga wa ufukweni uoshwe kwa maji baridi mara tatu, ukaushwe na upitishwe kwenye chekecheke. Chumvi yake inainua rangi.

Acha siku saba kabla ya kukaza waya za mlingoti, na nguzo za ndani zitoke siku hiyo, si mapema. Mvua ya kwanza ikinyesha, ingia kabini na tochi ukapitishe kidole chini ya kila nati.